Jina la Nedra Kwenye Ukuta wa Wezi

Verl Haycock alitupa nyundo na tindo nyuma ya pikapu kwa kishindo kilichomfanya mbwa wa jirani abweke. Shemeji yake, Dell Roundy, alikuwa keshakaa kiti cha abiria, kofia imemfunika macho, kikombe cha kahawa mkononi, kahawa ambayo askofu wao angeiona angesikitika, maana kanisa lao linaikataza.

Habari alikuwa ameileta Dell mwenyewe, kaiokota kituo cha mafuta. Ofisi ya ardhi inapeleka watu wa kujitolea Korongo la Shati Chafu kusafisha ukuta wa maficho ya Lem Prather, yule mwizi wa farasi na mnyang'anyi wa magarimoshi. Majina ya majambazi yataachwa, maana hayo ni historia. Majina ya waliokuja baadaye yatafutwa, maana huo ni uchafu. Ndivyo sheria ilivyo: kilichopita miaka hamsini kinalindwa, kisichofika ni uharibifu.

Na jina la Nedra pale ukutani lilikuwa halijafika miaka hiyo.

Nedra alikuwa mke wa Verl na dada wa Dell. Walimzika majira ya baridi, ardhi imeganda hata wachimbaji wakalazimika kuwasha moto kwanza. Akina mama wa kanisani walileta viazi vya jibini vya msibani, sinia juu ya sinia, na Verl akavila wiki nzima bila kujua anakula nini. Kilichomuua Nedra kilikuwa kwenye koo. Daktari alikipa jina refu, lakini Verl alikuwa na jina lake fupi: serikali. Nedra alipokuwa mtoto, serikali ililipua mabomu yake ya nyuklia ya majaribio ng'ambo kule Nevada, ikingoja kwanza upepo uelekee kwao, si kwa wakubwa wa California. Majivu yakawaangukia kama unga. Nedra na wenzake wakayachezea uani, wakaandika majina yao kwa kidole juu ya magari. Mtu wa serikali akapita na kidude kinacholialia cha kupimia sumu ya mabomu, akamwambia mama yao amwogeshe tu mtoto, hakuna neno.

"Hakuna neno," Verl alipenda kusema, kisha anatema mate.

Walipoiacha lami na kushika njia ya mchanga, Dell alifunua kofia.

"Shemeji, hiyo tindo vipi? Unakwenda kuchonga kinyago?"

"Nakwenda kumtoa."

"Kumtoa nani?"

"Nedra. Nakata lile jiwe lenye jina lake, nalileta nyumbani. Wabaki na wezi wao."

Dell alikunywa kahawa yake taratibu. Akamkumbusha kwamba kukata jiwe la mahali pale ni jela, si faini, na jela hawatampa kiti cha kuegemea mgongo wake ule mbovu. Verl akajibu kwamba Lem Prather aliiba farasi wa nusu ya wilaya, akamtia risasi karani wa garimoshi, na leo ana kibao chenye picha yake barabarani. Basi na yeye wamfunge, labda baada ya miaka hamsini watamwekea kibao.

"Kwa sura hiyo?" Dell akasema. "Watalii watageuza magari."

Verl hakucheka. Tangu msiba alikuwa hacheki, na Dell alikuwa haachi kujaribu. Ndivyo walivyoishi wawili hao.

Waliacha pikapu pale njia inapokatika, wakateremka kwa miguu kupitia ufa wa jabali ambao mtu mnene hapiti. Ndiyo sababu majambazi walipapenda. Askari wa enzi zile aliyewafuata alilazimika kushuka farasi na kuingia ubavu-ubavu, na mtu anayeingia ubavu-ubavu hawezi kuchomoa bunduki vizuri. Chini, korongo linafunguka ghafla. Kuna chemchemi ndogo, nyasi, zizi la magogo ya mreteni ambayo hayajaoza mpaka leo, na chini ya paa la mwamba kile kibanda cha mawe kisicho na mlango. Makopo ya maharagwe yametapakaa, yameshika kutu nyekundu kama miamba yenyewe. Verl alikuwa amelala humo mara nyingi akichunga ng'ombe, kabla ofisi haijapiga marufuku ng'ombe pia, kwa kisingizio cha kobe fulani ambaye hakuna mtu yeyote anayefahamiana na Verl aliyewahi kumwona.

Alipita kibandani bila kutazama, akaenda moja kwa moja ukutani.

Ukuta ulikuwa laini, mrefu, umeinama kidogo kama paji la uso. L. PRATHER, kwa grisi nyeusi ya ekseli, herufi za mkono mzima. Kando yake majina ya wenzake wawili, yamefifia hata huwezi kuyasoma ila kwa kujua. Kisha wachunga ng'ombe, baba kwa mwana. Na pembeni kabisa, chini kidogo kwa sababu mwandishi alikuwa mfupi: NEDRA ROUNDY, na mwaka. Herufi R zake zote mbili zilikuwa na mkia uliopinda juu, kama wa mbwa aliyefurahi.

Siku alipoliandika hawakuwa wameoana. Nedra alikuja na ndugu zake kuwapikia wachunga ng'ombe, akachovya kidole kwenye kopo la grisi, akamwambia Verl, ambaye alikuwa hata hajathubutu kumsalimia, "Wewe mwenye masikio, nishikie hili kopo." Alilishika. Alikuwa kama amelishika mpaka yale majira ya baridi walipomzika.

Aliweka tindo sentimita chache kutoka herufi ya kwanza, akapiga nyundo. Jiwe halikupasuka. Lilimung'unyika. Kipande cha ukubwa wa kiganja kiligeuka mchanga na kumwagika kwenye kiatu chake, na mguu wa kwanza wa herufi N ukaondoka nacho.

Verl alibaki na nyundo hewani.

"Acha," Dell alisema kwa upole. "Ni jiwe la mchanga, shemeji. Utaishia kumkung'uta wote kutoka viatuni."

Verl aliketi chini pale pale. Hasira yake ilimgeukia mwenyewe, na hiyo ilikuwa chungu kuliko ile ya serikali, kwa sababu haikuwa na mtu wa kumtemea mate. Alikuwa bado ameketi waliposikia sauti za watu wanaoteremka ufa, wanacheka, vyombo vya bati vinagongana.

Walikuwa wengi, na wote wamevaa fulana za kijani. Mbele alikuwa Garrett Pohl, mkubwa wa ofisi ya ardhi, mtu wa mbali aliyehamishiwa huko na vyeti vyake, anayepaka mafuta meupe puani kujikinga na jua. Si mtu mkorofi. Verl angemsamehe kama angekuwa mkorofi. Pohl aliiona tindo, akauona mchanga, akavuta pumzi.

"Bwana Haycock. Tafadhali niambie sivyo ninavyodhani."

"Ndivyo."

Pohl alieleza, kwa sauti ile ya kueleza watoto, kwamba angeweza kuita polisi. Akasema anajua habari za mkewe na anampa pole. Lakini akianza kuacha jina moja ataacha yote, na kesho kila mlevi ataandika lake. Mahali hapa ni urithi wa umma.

"Umma ni nani?" Verl akauliza. "Mke wangu hakuwa umma? Mlipomwagia majivu, mlisema ni kwa faida ya umma. Basi alitoka kwenye umma lini?"

Watu wa fulana za kijani walitazama ndoo zao.

"Mimi sikuwepo wakati huo," Pohl alisema.

"Hamkuwepo. Kila nikiuliza, hamkuwepo. Ila ukifika wakati wa kufuta, mpo."

Pohl alishika kazi, kama wafanyavyo watu wa ofisi. Aliwageukia watu wake, akawaonyesha wapi pa kuanza. Kwanza akawapeleka mbele ya L. PRATHER, akawasihi wasilikaribie kwa brashi wala kwa pumzi. Tazameni, akasema, grisi ya zaidi ya miaka mia na bado nyeusi hivi. Tazameni hii herufi R, huu mkia. Mkono wa mtu asiye na woga. Kuna mtaalamu alikuja kuupiga picha.

Dell alitoa mlio puani. Alikuwa anazuia kicheko, nacho kikashindwa kuzuilika.

Maana kila mchunga ng'ombe wa wilaya ile alijua. Grisi haidumu kiasi hicho, jua huila. Ilikuwa desturi yao kila wakikusanya ng'ombe majira ya kuchipua kulipitia upya jina la Prather, juu ya alama ya zamani, maana mwenye nyumba ni mwenye nyumba hata akiwa mwizi. Anayepita hulipitia la Prather kwanza, ndipo aandike la kwake. Nedra ndiye aliyelipitia mara ya mwisho, kabla ya kuandika lake. Baada yake ofisi ilileta sheria, na hakuna aliyethubutu tena. Yale majina mawili ya wenzake Prather hakuna aliyeyapitia, na ndiyo hayo yamebaki kivuli.

"Bwana mkubwa," Dell alianza, macho yanameta, "ngoja nikuchekeshe. Huo mkia unaousifu..."

"Dell," Verl alisema.

"Lazima ajue, shemeji. Aone aibu kidogo."

"Nyamaza."

Alikuwa amesimama. Akilini alimwona Pohl akiaibika, ndiyo, aliiona raha hiyo, ilimjaa kinywani kama chakula. Kisha akaona kitakachofuata. Pohl ataandika ripoti. Mtaalamu atarudi. Watapima, watakuta ni grisi ya juzi, na wataisugua hiyo nayo, kwa sababu sheria ni sheria. Hakutabaki hata mkia mmoja.

Aliimeza raha ile. Ilishuka kama mwiba.

"Anataka kusema nini?" Pohl akauliza.

"Hana la kusema. Ni mzee." Verl alinyoosha mkono. "Nipe brashi."

"Bwana Haycock, si lazima..."

"Hakuna mkono wenu utakaomgusa. Mlishamgusa. Nipe."

Binti mmoja mwenye fulana ya kijani alimpa brashi na kikopo cha dawa bila kungoja ruhusa. Verl alipiga magoti, maana jina lilikuwa chini, na akaanza. Grisi ilitoka taratibu, ikateremka ukutani rangi ya chai. Alisugua R, akasugua mwaka, akasugua mguu wa N uliobaki. Alikuwa anamlaani kila mtu kwa jina, wale aliowajua, na wasiojulikana aliwalaani kwa vyeo. Dell alikuwa amegeuka, analitazama zizi, mabega yanatikisika, na safari hii hakikuwa kicheko.

Alipomaliza Pohl alimshukuru. Alisema anafurahi kwamba mwishowe ameona umuhimu wa historia. Verl alimtazama mpaka Pohl akaanza kujipapasa mfuko kama aliyepoteza funguo.

Kisha wakafunga kamba. Waligongomea vigingi mchangani, wakaizungusha mbele ya jina la Prather ili watalii wasiliguse. Verl alikuwa ndani yake, karibu na ukuta kiasi cha kuweza kufikisha kidole.

"Nyuma ya kamba, Bwana Haycock," Pohl alisema. "Samahani. Sheria ni kwa wote."

Verl aliutazama ule mkia wa R mara moja. Aliinua mguu mmoja juu ya kamba, kisha wa pili, akageuka. Pohl alikuwa bado upande wa ndani, kalamu mkononi.

"Basi na wewe toka," Verl akamwambia.

Pohl alicheka, akidhani ni utani. Akauona uso, akaacha kucheka, akatoka.