Kupanda kwa Bei ya Chini

Uvumi ulianzia soko la Kadutu, mwaka wa pili wa vita, na Maman Priscille hakuweza kuutoa kichwani: bazungu waliokuja na wanajeshi watarusha roketi hapa Bukavu, kwa bei ya chini kuliko popote duniani. Roketi za kwao zinabeba mafuta yao zenyewe. Mafuta ndiyo uzito, uzito ndiyo bei. Hii itaacha moto chini; sahani kubwa ya chuma itaisukumia mawimbi ya mikrowevu yenye joto kali, nayo ipande kwa joto hilo.

Sahani ikasimamishwa chini ya mtelemko. Mawimbi yakapita nyuma ya nyumba za watu, usawa wa kifua, kabla ya kufika angani. Ukuta hawakujenga. Ukuta nao ni bei, na wakati wa vita nani angewadai ukuta?

Barabara ya Kabare ilikuwa imefungwa, makala ya kupikia hakuna. Georgette, jirani wa Priscille, akaweka chungu cha maharagi pale nyuma, bila moto. Yakaiva kabla hajamaliza kutwanga sombe, majani ya muhogo. Kesho yake wamama walipanga foleni na vyungu. Priscille, mama wa Joviale, peke yake alikataa, akabaki na mbabula, jiko lake la makala.

"Maman Joviale, unaogopa mpaka hewa?" Georgette alimwuliza. "Basi pepea mbabula yako, moshi itakulisha."

Walimcheka mpaka makala yake yakaisha. Ndipo naye akateleka maharagi pale nyuma, na yalipoiva akamtuma binti yake Joviale kuepua. Msichana akainama, akashika chungu, akapanda nacho hewani. Alipita mabati ya paa polepole, kitenge kimejaa upepo, akasimama huko juu. Georgette alimwambia asiinamishe chungu, mchuzi utamwagika.

Injinia wa bazungu, Ulrich, alikuja na wanajeshi wawili. Alikuwa na hasira.

"Vyungu yenu inakula joto yangu," alisema, na wanajeshi wakavivunja. Halafu akatazama juu, hasira ikapoa. Akauliza msichana iko na kilo ngapi.

"Munishushie mutoto," Priscille alisema.

"Kushusha iko bei, Maman. Kupanda ndiyo bei chini."

Roketi ya chuma, nzito na ya bei, ikafunikwa turubai. Jumatatu wanajeshi walitundika mizani kwenye mti, na wamama, kwa vile wamezoea kupimisha watoto kwa masista, walikuja wenyewe, wamewavalisha vizuri, wamebeba fishi zao, karatasi za uzito. Waliokuwa wepesi hawakurudi nyumbani. Jioni wanaonekana angani juu ya ziwa letu, wametulia. Priscille humwita Joviale, naye huitika kwamba kuna baridi. Sahani ingali inafanya kazi.

Wamama munaobaki na watoto, muepuke haya:

Kupika nyuma ya nyumba.
Chakula kilichoiva bila moto.
Kumwambia mgeni kilo za mutoto.
Mizani ambayo hamujui mwenyewe ni nani.
Kumucheka mwenzenu anayeogopa.
Kumunyima mutoto chakula cha mwisho, hata kama ni kidogo. Awe mzito.