Kombe wa Chini ya Ukuta

Kombe walikuwa wamelala juu ya matope, magamba nusu wazi, kama waliomwagwa na mtu. Miaka yote mwokota kombe aliwasaka kwa kisigino: anakanyaga taratibu, mguu ukigusa kigumu anainama, anachimba kwa vidole. Leo hakuchimba. Aliokota tu, na ndoo ikajaa kabla jasho halijamtoka.

Tangu ukuta wa hoteli mpya ukamilike, maji ya upande huu hayakuwa yakienda wala kurudi. Yalituama, mekundu kidogo, na bomba nene lililotoboa ukuta liliyatemea povu kutwa. Hata ndege wa ufukweni, walafi wale, hawakuonekana.

"Shoga, bahari imetufungulia ghala!" jirani yake alipiga kelele, ndoo mbili mkononi.

"Mbona wazembe hivi?" Aligonganisha wawili. Kombe mzima akigongwa hufumba papo hapo. Hawa walifumba kwa kusuasua, kisha wakaachama tena.

"Jua limewalegeza. Nawe kwa shaka hujambo! Si mkwe wako anatamani supu ya kombe? Mpelekee ale."

Kweli alitamani. Mimba ilikuwa imemkataza kila chakula, mashavu yamembonyea, na mumewe yuko safarini amemwachia mama yake amtunze. Basi mwokota kombe akajidanganya kwa moyo mweupe. Aliwaosha, akawaosha tena, akawachemsha mpaka nyama ikaachana na magamba, akakamua ndimu.

Mkwe alimaliza bakuli akaomba jingine. Kumwona akilamba vidole kulimfurahisha yule mama hata akasahau njaa yake mwenyewe.

"Mama, utaninenepesha mpaka mwanao asinijue."

"Nenepeni, mwanangu, nenepeni wote wawili. Akishindwa kukujua, nitawatambulisha."

Wakacheka. Mama akachukua sufuria kwenda kuiosha. Aliporudi, mkwe alikuwa akijipapasa midomo.

"Ndimu hii kali, mama. Midomo inaniwasha." Akajaribu kutabasamu, tabasamu likaja upande mmoja. "Na ulimi... umekuwa mzito."

Sufuria ilimponyoka. Alipiga magoti, akaushika mkono wa mkwe wake, akaminya kidole gumba kwa nguvu zake zote mpaka ukucha ukageuka mweupe.

"Hapa unasikia?"

Mkwe alimtazama usoni, akingoja.

"Wapi, mama?"