Zamu ya Walburga Rieker

Jumamosi asubuhi Ottilie Haug alitoka kuchukua maziwa akamkuta jirani yake, Walburga Rieker, anapiga deki ngazi za ghorofa ya pili. Kibao cha zamu kilining'inia kwenye kitasa cha akina Rieker, kama ilivyo desturi ya Stuttgart: kikifika mlangoni kwako, ngazi za wiki hiyo ni zako. Walburga alikatwa kichwa na Wanazi mwaka 1943, miaka kumi na mmoja iliyopita, lakini hakuna aliyefuta jina lake kwenye orodha ya zamu, naye hakuwa mtu wa kutegea kazi.

Shingoni alifunga kitambaa cha buluu. Wapangaji walishamzoea. Bwana Eberle wa chini alikuwa na lalamiko moja tu.

"Bi Rieker, kamua tambara hilo! Ngazi zinateleza. Au unataka tukufuate huko?"

"Na wewe futa viatu, Bwana Eberle. Kufa nimekufa, lakini mgongo bado unaniuma."

Ottilie hakucheka. Ile ndoo aliijua. Wakati wa vita Walburga alisafisha ngazi za nyumba za watu, na chini ya tambara alificha karatasi zilizosema vita ni vya wauaji. Aliziacha moja moja chini ya mazulia ya milangoni. Siku moja Ottilie aliazima ndoo, akaziona. Wiki hiyo walikuwa wamegombana kwa sababu Walburga aliacha vumbi kwenye pembe za ngazi. Basi Ottilie akaenda kumshtaki kwa mjumbe wa chama cha Wanazi. Alidhani watamkaripia tu, na hilo limemchoma moyo tangu siku ile.

Mwaka huu Irmela, binti wa Walburga, aliiomba mahakama ifute hukumu ya mama yake. Ottilie akajikaza, akaiandikia mahakama bila Irmela kujua: mimi ndiye niliyemchongea, na yote aliyoyasema yalikuwa kweli.

"Wamejibu?" Walburga aliuliza bila kuinua uso.

Ottilie akatoa barua kwenye aproni, akaisoma. Hukumu ilitolewa kwa sheria ya wakati ule, kwa hiyo inabaki. Bi Rieker ni msaliti. Bi Haug anashukuriwa kwa kutimiza wajibu wake wa raia.

"Wamenishukuru," Ottilie alisema. "Nisamehe, Walburga."

Walburga alipitisha kidole kwenye pembe ya ngazi, akamwonyesha.

"Pametakata?"

"Pametakata."

"Haya."

Akaenda kukitoa kibao kwenye mlango wa binti yake, akakitundika kwenye kitasa cha Ottilie.

"Irmela anarudi kutoka kiwandani saa nane," alisema. "Hajui kuwa ni wewe. Utamwambia mwenyewe, na barua hiyo umsomee."

Akabeba ndoo, akashuka. Ottilie alibaki amesimama na maziwa yake, akingojea ngazi zikauke.