Fundi Umeme Avishwa Nyaya

Tangu waingie yeye na mkewe kwenye chumba cha kungojea hospitalini, fundi umeme alikuwa kama aliyekalia makaa. Akae, ainuke, achungulie mlangoni, arudi. Macho yalimwiva, maana aliagizwa apunguze usingizi kabla ya kipimo cha ubongo, na mkewe alimsimamia asisinzie mpaka nusura wagombane. Kichwa nacho kilimwasha: kimeoshwa kwa sabuni, hakikutiwa mafuta hata tone, kama walivyoambiwa.

“Baba watoto, tulia. Utatoboa sakafu,” mkewe alisema.

“Nitulie vipi? Maisha yangu yote nawaambia watu wakae mbali na nyaya, leo nakwenda kuvishwa kichwani!”

Mambo yalianzia kazini. Alikuwa juu ya ngazi akifunga taa, shemeji yake, kaka wa mkewe, akimpa vifaa kutoka chini. Shemeji akamwita, akamwita tena, kimya. Macho wazi, koleo mkononi, midomo ikichezacheza. Alipozinduka akafoka, “Mbona unanipigia kelele?” Akakana katakata kwamba kuna lolote lililotokea. Mkewe aliposimuliwa, akakumbuka kuyaona hayo hayo mezani, akadhani ni mawazo tu.

Mlango ukafunguliwa. Mpimaji, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, akawaingiza wote wawili, akamlaza fundi kitandani, akampima kichwa kwa utepe, akaanza kumbandika vijisahani vya chuma vyenye nyaya kwa gundi ya baridi.

“Unanipiga volti ngapi?” fundi aliuliza, mkono umeng’ang’ania ukingo wa kitanda.

“Hata moja. Mashine haikupi umeme, inausikiliza ulio wako. Haiumi.”

“Na mawazo yangu? Itayasoma?”

“Una nini huko ndani unachokiogopa?” mkewe alidakia. Wakacheka wote, fundi akicheka kidogo kuliko wenzake.

Akaambiwa afumbe macho, afumbue. Kisha apumue haraka kwa nguvu, kama anayepuliza moto. Midomo ikaanza kufa ganzi, akataka kuinuka.

“Hiyo ni kawaida, itapita. Endelea,” mpimaji alisema. Akaendelea.

Mara akasikia, “Haya, pumzika. Nimekutajia neno gani sasa hivi?”

“Neno? Hujasema kitu.”

Akamgeukia mkewe amtetee. Mkewe alikuwa amesimama, kiganja mdomoni.

“Amesema ‘papai’, mume wangu. Tena kwa sauti. Ulikuwa unanitazama, lakini hukuwepo.”

Ubishi ukamwisha. Kipande cha maisha yake kilikuwa kimepita mle chumbani, wenzake wakakiona, yeye hakualikwa. Mpimaji alipombandua vile vijisahani na kumfuta gundi, fundi aliinamisha kichwa mwenyewe.

Siku chache baadaye daktari aliyesoma majibu hakuzungusha maneno. Ni kifafa cha kuduwaa, kinachompotezea mtu fahamu kidogo macho yakiwa wazi; dawa ipo. Asikatishe vidonge hata akijiona mzima, na ngazi aiache.

“Mpaka lini?”

“Mpaka niseme mimi.”

Sasa anayepanda ni shemeji. Fundi hubaki chini, akizunguka huku na huku, shingo imepinda.

“Sio huo! Wa bluu! Kaza!”

“Shemeji, ukiendelea hivyo nashuka.”

Fundi akaishika ngazi kwa mikono miwili, akafunga mdomo. Haukupita muda akaufungua tena.