Utepe wa Kuchezwa Mara Moja

Fundi mitambo wa redio aliwaambia mapema, bibi na mjukuu wake: utepe ule wenye wimbo wa zamani ulikuwa umechakaa, ukizunguka utabanduka na kumwaga unga, kwa hiyo utacheza mara moja tu. Kompyuta ingenasa itakachonasa. Baada ya hapo, ndiyo imetoka hiyo.

Mjukuu alikuwa hajiwezi kwa furaha. Mwaka mzima alikuwa akipekua kumbukumbu za zamani akitafuta wanawake waliotangulia kwenye muziki, majina yao yakaachwa njiani. Na wa kwanza kwenye orodha yake ni nani, kama si bibi yake mwenyewe? Wimbo unaofungua taarifa ya habari kila asubuhi, ule ulioandikiwa "mtunzi hajulikani", aliutunga yeye. Ukoo mzima unajua. Bibi amelisema miaka hamsini, harusini, misibani, hata kwa daktari wa meno.

Sasa mbona bibi hakuwa na raha? Alikaa amekumbatia mkoba, jasho likimtoka ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Utepe ulikuwa pale pale karibu na kiwiko chake. Kidole kimoja tu kiuangushe, akajisemea, kisha niseme nimeteleza. Akauficha mkono chini ya mkoba, maana aliuogopa.

Fundi akabonyeza.

Ilianza mikwaruzo, yakafuata makofi, kisha sauti ya mwanamke ikaimba mstari wa kwanza, ikakatika, ikasema, "Ngojeni, hapa nimebadilisha," ikaanza upya. Unga mweusi ulikuwa ukidondoka mezani. Mjukuu alikuwa analia kwa raha, amemshika bibi begani.

Bibi alikuwa anasikiliza makofi. Aliyajua, yalikuwa yake. Sauti ilikuwa ya Chiriku, mwenzake waliyekuwa wakifagia naye ofisi hizo hizo, aliyekufa kwa homa kabla wimbo haujavuma. Ni lini hasa "wimbo wetu" uligeuka "wimbo wangu", Mungu wangu, hata hakumbuki.

Utepe uliisha. Fundi alichukua kalamu na lebo mpya, akauliza aandike jina gani. Bibi angeitikia kwa kichwa tu yangekwisha, hakuna aliyebaki hai wa kumpinga.

"Si mimi," alisema. "Andika Chiriku. Mimi nilipiga makofi."

Mkono wa mjukuu ulitoka begani. Akauliza kama huyo Chiriku aliacha mtu.

"Binti. Alinijia akiwa msichana mdogo, akaniuliza kama ni kweli mama yake alitunga wimbo." Bibi alitazama unga mweusi mezani. "Nilimwambia mama yake alikuwa mpiga makofi tu. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ndiye huyo unayemwita shangazi."