Maporomoko ya Kalavati ya Tatu

Mimi ni kinyozi, na kinyozi asiyetia chumvi maneno hana wateja. Kwa hiyo msinihukumu kwa uongo wenyewe. Nihukumuni kwa ujinga wa kumdanganya Gualtiero kuhusu barabara, wakati mji mzima wa Castel Morello unajua kwamba huyo mzee alikuwa mtengeneza barabara za vilima hivi kwa miaka thelathini na minne, na ukimwamsha usingizini atakutajia mashimo yote kutoka hapa hadi kileleni, moja baada ya jingine.

Klabu yetu ya baiskeli ina makundi mawili. Kuna Kundi la Milima, ambalo ndilo sisi, na kuna Kundi la Bonde, ambalo kila Jumapili linashuka taratibu hadi baharini, linakula samaki wa kukaanga, kisha linarudi saa saba mchana na mafuta midomoni na hadithi za upepo. Upepo, jamani. Wanauzungumzia upepo kana kwamba nao una kona. Hatuwachukii hata kidogo. Tunawasalimia kwa upole sana, kama unavyomsalimia mgonjwa aliyelazwa.

Kanuni ya kuhama kundi niliiandika mimi mwenyewe, enzi hizo magoti yangu yote mawili yakiwa yananitii. Kwenye barabara ya Ngazi ya Watawa, kilometa nne na nusu za kupanda tu, ukiweka mguu chini unachorwa alama ya chaki kwenye ubao ulioko katika baa ya Derna, kule juu kabisa. Alama tatu katika msimu mmoja, unahamia Bonde. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Derna anafuta ubao, na mwakani kila mtu anaanza upya.

Mwaka huu, ikiwa imebaki Jumapili hiyo ya mwisho tu, Gualtiero alikuwa na alama mbili. Mimi nilikuwa na moja, lakini habari za goti langu tuziache kwanza.

Gualtiero ana miaka sabini na miwili. Alama ya kwanza, mwezi wa tano, alisema ni mbwa aliyemkatiza, na hatukumwona mbwa. Ya pili, mwezi wa tisa, alisema ni mnyororo, na mnyororo ulikuwa mzima kabisa. Tulimcheka mpaka Derna akatufukuza barazani. Yeye pia alicheka. Lakini wiki ile ile alikuja kukata nywele, zile nane zilizobaki, na tulipokuwa wawili tu alinitazama kwenye kioo akasema, "Kule bondeni barabara si zangu, Settimio. Alizitengeneza mtu mwingine, tena alizitengeneza vibaya. Nitakuwa mgeni kila kona."

Namjua. Akihamishwa, hataenda Bonde. Atatundika baiskeli ukutani, atasema mgongo unauma, na Jumapili atakaa na redio yake. Nimepanda vilima nyuma ya mgongo huo tangu tukiwa na nywele za kuchana, na iliniuma kufikiri kwamba nitafuata mgongo wa mtu mwingine.

Sasa, anayechora njia ya Jumapili ni mimi. Kila Alhamisi naibandika kwenye mlango wa duka langu la kunyolea, na hakuna anayebisha. Alhamisi ile nikabandika karatasi kwamba Ngazi ya Watawa imefungwa kwa maporomoko ya udongo, tutazungukia njia ya kinu cha zamani, ambayo hata shangazi yangu anaweza kuipanda akiwa na kikapu cha mayai. Kufumba na kufumbua msimu utakuwa umekwisha, ubao umefutwa, na hakuna aliyeumia. Niliipenda sana kazi yangu.

Watu walisoma, wakasikitika kidogo, wengine wakashukuru kimoyomoyo. Gualtiero akaja jioni. Akasoma mara mbili, akaniuliza maporomoko yako upande gani. Nikamwambia kushoto. Akauliza juu ya kalavati ya tatu au chini yake. Hapo mtu mwenye akili angesema hajui. Mimi nikasema juu yake tu, na mti wa mwaloni umelala katikati ya njia, nimeambiwa na mteja mwenye trekta. Huo mwaloni sijui niliutoa wapi. Ulikuja wenyewe.

"Kalavati ya tatu niliijenga mimi," akasema, akaondoka bila kuaga.

Jumamosi asubuhi nilikuwa namnyoa Elvio, mwenyekiti wa klabu, mtu mzito anayependa taratibu. Shavu la kulia lilikuwa tayari, la kushoto bado limejaa povu. Nikatupa jicho dirishani, nikamwona Gualtiero anapita juu ya baiskeli, gazeti limetuna kifuani chini ya fulana kwa ajili ya baridi ya kushuka, na mgongoni amefungia beleshi kwa kamba. Beleshi zima, lenye mpini wake. Alikuwa anaelekea Ngazi ya Watawa kwenda kuzoa maporomoko yangu.

Mzee wa miaka sabini na miwili, peke yake, na mzigo mgongoni, kwenye mlima ambao tayari umemshinda mara mbili, na aliyempeleka huko ni mimi. Nikatupa wembe kwenye beseni, nikachukua ufunguo wa kigari changu. Elvio akauliza kuna nini. Nikamwambia twende. Akaja hivyo hivyo na taulo shingoni, na tulipofika kwenye daraja nilikuwa nimeshamweleza yote. Hakunitukana. Alisema tu kwamba jambo hili litaingia kwenye kumbukumbu za kikao.

Tulimkuta kwenye kilometa ya kwanza, tukabaki nyuma sana ili asitusikie. Alikuwa anapanda polepole, polepole mno, kichwa chini, na beleshi linampiga kiuno kushoto, kulia, kushoto. Kuna kona moja chini ya nyumba ya watawa ambapo barabara inasimama kama ukuta. Hapo ndipo alipokutana na yule mbwa wake, na hapo ndipo mnyororo ulipomsaliti. Alipoifikia aliinuka kwenye kiti, baiskeli ikayumba hadi ukingo wa mtaro, ikarudi, ikayumba tena. Elvio alijifunika mdomo kwa kiganja, povu likamjaa kiganjani. Mimi nilikuwa nimekanyaga breki kwa nguvu zangu zote, na gari lenyewe lilikuwa limeshasimama.

Hakuweka mguu.

Akafika kalavati ya tatu. Hakuna udongo, hakuna mwaloni, kuna lami safi na majani mawili matatu ya vuli. Mtu yeyote angesimama hapo, ashuke, ashike kiuno, anitukane. Nani angemwona? Gualtiero alizunguka duara moja dogo katikati ya barabara bila kushuka, akachungulia kushoto, akachungulia kulia, kisha akaendelea kupanda. Alikuwa anatafuta maporomoko. Aliamini nimekosea kalavati. Haikumjia kabisa kwamba rafiki yake amemdanganya, na niwaambie ukweli, hapo ndipo nilipoona aibu, siyo kabla.

Aliyatafuta hadi kileleni. Tulipofika, beleshi lilikuwa limeegemea ukuta wa baa, na yeye amekaa barazani na jasho lake, Derna anamkatia mkate wa crescia na nyama. Akamtazama Elvio na nusu yake ya ndevu. Akanitazama mimi. Hakuhitaji kuelezwa, nikaona uso wake unabadilika, lakini nilijieleza hata hivyo, kwa sababu mtu aliyepanda na beleshi anastahili kuambiwa.

Aliniacha nimalize. Nilitegemea matusi, na ninayafahamu matusi yake, ni ya mtu aliyefanya kazi barabarani. Badala yake aliuliza kwa sauti ya chini, "Uliifunga kwa ajili yangu, au kwa ajili ya goti lako?"

Nikafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya unyozi haukutoka hata uongo mdogo. Maana karatasi ile niliiandika asubuhi baada ya kushindwa kushuka ngazi za nyumbani kwangu bila kushika ukuta. Nilijiambia ni huruma kwa Gualtiero. Ilikuwa huruma, ndiyo, ila haikuwa kwake peke yake.

Elvio akajifuta povu kwa taulo, akasimama kama yuko kwenye kikao. Akasema safari ya Jumamosi haihesabiki, kesho njia ni hii hii, na mchora njia anayedanganya kuhusu barabara anachorwa alama. Derna akaleta chaki. Alinichorea ndefu kuliko zote. Sasa tulikuwa na mbili mbili.

Jumapili tulikuwa watu ishirini, jua zuri, na habari za beleshi zilikuwa zimeshafika kila nyumba. Watu waliniuliza kwa upole kama mwaloni umeondolewa. Derna, ambaye habandui jicho lake mlimani siku ya mwisho, alikuwa amehamishia kiti chake kabisa kwenye kona ya watawa, chaki mfukoni. Gualtiero alipanda mbele yangu, mgongo ule ule, mwepesi bila beleshi. Akapita kona, akapotea juu.

Mimi niliifikia kona nikiwa wa mwisho. Goti likauma, kisha likaacha kuuma, jambo ambalo ni baya zaidi. Nikasikia baiskeli inakufa chini yangu. Nikaanza kulegeza kiatu kwenye pedali, na nikawaona kabisa Kundi la Bonde, na samaki wao, na upepo wao.

Hapo nikasikia breki zinalia kutoka juu. Gualtiero alikuwa ameshafika kileleni, akageuza, akashuka. Akazunguka nyuma yangu, na mkono mpana ukatua kiunoni mwangu ukaanza kusukuma. Matusi niliyoyakosa jana nikayapata yote, hatua kwa hatua, yangu mimi na ya mama wa mwaloni wangu.

Derna akapiga kelele kwamba hiyo hairuhusiwi.

"Kanuni inasema mguu," Gualtiero akamjibu akitweta. "Mkono haikuutaja. Muulize aliyeiandika."

Derna alinitazama. Nikasema kweli, mkono haikuutaja. Chaki ikarudi mfukoni.

Tulifika juu wawili, wa mwisho kabisa, na ubao ulipofutwa wote walipiga makofi, hata Elvio, aliyekuwa amekwenda kumalizia ndevu kwa kinyozi wa mji wa jirani, tusi ambalo sijamsamehe. Nilimpelekea Gualtiero glasi ya divai. Nikamwambia asante, na pia samahani.

Alikunywa, akaangalia barabara yake inavyoshuka kona kwa kona hadi kule bahari ilikokuwa inang'aa.

"Mwakani ukitaka kufunga barabara," akasema, "funga ile ya kwenda bondeni."