Mtoto wa Benchi na Mzigo wa Idi

Kaka yangu Gharib ana tabia moja inayonichosha: akijua amekosea, hupandisha sauti. Basi siku ile mgahawani, Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika hapa Guangzhou, alipandisha sauti mpaka meza ya pili wakageuka.

"Jicho unalo, Swalha," alisema huku akichambua samaki. "Lakini ni jicho la kuchagua rangi. Mzigo ni jambo jingine."

Sisi tunauza nguo za watoto. Duka liko Darajani, Unguja, mama ndiye anayelisimamia, na sisi wawili tuko huku China huu mwaka wa nne. Kazi yangu ni kuamka alfajiri, niingie soko la nguo la Shisanhang kabla ya msongamano, nipite kibanda kwa kibanda nikitafuta gauni ambalo mtoto wa Unguja atalililia dukani. Nikishalipata, Gharib analichukua, anapanda treni mpaka kiwandani Foshan, anakaa na bosi, ambaye huku wote tunamwita laoban, wanakubaliana, anaweka sahihi. Kadi ya biashara ina jina lake peke yake. Kila Idi ikipita watu wa Darajani humpigia simu kumpongeza, naye huitikia ahsante, ahsante, na mimi niko pembeni yake nakata nyuzi.

Mwaka huu niliutaka mzigo wa Idi. Sikutaka kuuchagua tu. Nilitaka niende Foshan mwenyewe, nikae mbele ya laoban na jina langu liandikwe. Nilikuwa nimemwomba Gharib mara tatu kwa adabu, kama mdogo wake. Mara ya nne ndiyo hiyo ya mgahawani, na adabu niliiacha nyumbani.

Aliyetuamua ni Roger, mnunuzi wa vitenge kutoka Lubumbashi. Roger ndiye katibu wa ligi yetu ya fantasi. Tuko kumi na wawili, Watanzania wengi na Wakongo wachache, na mwanamke ni mimi tu. Kila mmoja anajiundia timu ya wachezaji wa kweli wa Ligi Kuu ya Uingereza kwenye simu yake. Wakicheza vizuri uwanjani, wewe unapata pointi, na yule uliyempa unahodha pointi zake zinazidishwa mara mbili. Wachezaji hawagombaniwi, mnaweza kuwa naye mmoja nyote kumi na wawili.

"Muache makelele, bandugu," Roger alisema. "Mupimane kwa ligi. Tutaona nani iko na jicho."

Masharti aliyatunga yeye. Mimi nimweke kwenye timu mchezaji ambaye hakuna mwingine mezani anaye, tena nisimtoe. Baada ya raundi sita, timu yangu ikiwa mbele ya timu ya Gharib, mzigo wa Idi ni wangu, Foshan na kila kitu. Ikiwa nyuma, nisiliguse tena suala hilo. Gharib alikubali upesi mno, na huko kukubali upesi kulinikera kuliko kama angekataa.

Nilitafuta siku tatu. Watu wa ligi yetu huchagua mchezaji kwa kutumiana vipande vya video za magoli, na mimi vipande hivyo siviangalii. Gauni linaloning'inizwa mbele ya kibanda pale Shisanhang limeshonwa na fundi wao bora, kwa raha zake, ili limvute mteja. Mzigo wenyewe unashonwa na watu wengine kabisa, wakiwa na haraka. Kwa hiyo mimi humwambia muuzaji anitolee moja la katikati ya furushi. Ananuna, lakini anatoa. Naligeuza ndani nje, navuta mshono wa kwapani. Ukishika hapo, nanunua.

Mshono wa kwapani wa mchezaji niliutafuta hivyo hivyo, na aliyenipa moyo alikuwa winga mmoja wa miaka kumi na tisa anaitwa Ashby, wa timu ya katikati ya msimamo, ambaye hakuwa na goli hata moja. Alikuwa mtoto wa benchi. Lakini mechi ya kwanza kocha alimwingiza dakika ya themanini, ya pili dakika ya sabini na moja, ya tatu dakika ya hamsini na nane. Kocha hakuwa akimjaribu tu; alikuwa anajiandaa kumbadilisha mtu. Na huyo mtu, winga mkongwe wa miaka thelathini na tatu, kila akishakimbia mara mbili anashika magoti. Tena vijana wengi hupokea mpira kule pembeni kwenye chaki, wakapiga chenga za kufurahisha jukwaa. Huyu alikuwa anaupokea ndani ya boksi. Kwa dakika zake chache alikuwa ameugusa mpira humo mara nyingi kuliko mkongwe kwa mechi tatu nzima. Shuti moja liligonga mwamba, jingine lilizuiwa na goti la beki. Magoli hayakuwepo, nafasi zilikuwepo.

Kasoro nazo niliziona. Mguu wa kulia ni wa kusimamia tu, na ana pupa ya kuwafuata watu miguuni, kadi za njano zitamwandama. Hakuna furushi lisilo na gauni lenye uzi uliochomoza. Nikamweka.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga ambao mfanyabiashara wa Xiaobei hafanyi. Hapa mtu akipata mtindo mzuri anaufunga kwenye mfuko mweusi, anapanda nao lifti akiwa ameukumbatia, kwa sababu mtindo ukionekana Jumatatu, Ijumaa uko kwenye kontena la jirani. Mimi nilikaa mezani, mbele ya Gharib na wenzake wote, nikawaeleza Ashby wangu jambo moja baada ya jingine: dakika, magoti ya mkongwe, mwamba, boksi. Nilitaka wajue kwamba sikubahatisha. Kiburi tu. Gharib alinisikiliza mpaka mwisho, akachokonoa meno.

"Mtoto wa benchi," alisema, na watu wakacheka.

Raundi ya kwanza Ashby aliingia mwishoni, pointi moja. Ya pili alianza, akatoa pasi ya goli. Ya tatu alifunga. Raundi ya nne nilimpa unahodha, akafunga tena na kutoa pasi, na nikampita Gharib kwa mbali. Roger alimsajili wiki hiyo hiyo bila haya. Gharib hakumsajili. Alisema upepo huo utapita.

Raundi ya tano ukapita kweli. Ashby alipewa kadi ya njano mapema, kocha akamtoa mapumziko, pointi sifuri. Sifuri mara mbili ni sifuri vile vile, na mwanya wangu ukashuka mpaka pointi tisa. Ikabaki raundi moja.

Wiki ile Gharib hakunipa nafasi ya kupumua. Tukiwa sokoni Yide Lu tunatafuta vibanio vya nywele vya kuambatanisha na magauni, ananiuliza mtoto wangu amelala au ameamka. Tukipanga maboksi, ananiambia hata mimi nimenasa kwenye sampuli ya kuning'inizwa. Nilimjibu kila mara, tena kwa maneno makali, lakini lilikuwa linaniingia. Usiku nilijikuta nahesabu upya: je, kama kocha amemchoka? Je, kama mkongwe amepumzika vya kutosha? Ukiambiwa miaka minne kwamba jicho lako ni la rangi, siku moja unaanza kulitilia shaka wewe mwenyewe.

Jumamosi, saa moja kabla ya muda wa kubadilisha timu kufungwa, nilimvua Ashby unahodha nikampa Halvorsen, mshambuliaji ambaye karibu kila mtu anaye, mtu wa uhakika. Ashby nilimbakiza kama mchezaji wa kawaida. Nilijiambia nina mwanya wa pointi tisa, sina sababu ya kucheza kamari. Ilikuwa hofu, lakini wakati ule niliiita busara.

Saa kumi na mbili jioni timu hufungwa, na kila mtu anaweza kuiona ya mwenzake. Nilikuwa tayari mgahawani. Nikaifungua ya Gharib kwa mazoea tu, nikijua nitawakuta wachezaji wake wakongwe wale wale.

Ashby alikuwemo. Kaka alikuwa amemsajili mchana ule na kumpa unahodha.

Nilimtazama. Alikuwa amekaa mbele yangu anakoroga chai isiyo na sukari. Hakuinua macho. Nilikasirika, lakini haikuwa hasira peke yake. Nilikuwa nimeona kitu kibaya zaidi: kwamba mtu aliyenicheka wiki nzima alikuwa analiamini jicho langu kuliko nilivyoliamini mimi.

Mechi ya Ashby ilikuwa ya mapema, saa moja na nusu. Roger aliegemeza simu kwenye chupa ya maji tukaiangalia. Kwa dakika ishirini nilimwombea mtoto wa watu mabaya. Ateleze. Atolewe. Ashike magoti kama yule mzee. Pointi zake kwangu zilikuwa zinahesabiwa mara moja na kwa Gharib mara mbili, kila jema lake lilikuwa linanirudisha nyuma. Nikajionea aibu, na bado nikaendelea.

Dakika ya thelathini na moja aliupokea mpira ndani ya boksi, akamgeuza beki, akafunga kwa mguu ule ule wa kulia wa kusimamia. Niliruka. Wallahi niliruka kwa furaha, mikono juu, kabla sijakumbuka kwamba naruka kwa ajili ya kushindwa kwangu. Meza nzima ilinigeukia. Gharib peke yake ndiye hakunitazama.

Alifunga la pili, akatoa na pasi. Jumapili mechi zote zilipokwisha, Gharib alikuwa mbele yangu kwa pointi saba. Halvorsen wangu wa uhakika hakuwa amefanya lolote. Roger alifanya hesabu mara mbili akitafuta kosa, maana mwenyewe lilimuuma.

"Si ulinieleza mwenyewe?" Gharib aliniambia tukirudi nyumbani. "Niliyapima maneno yako nikaona yana maana."

"Uliyaona lini?"

Akaongeza mwendo. Sikuhitaji jibu, aliyaona siku ile ile ya kwanza. Angesema tu hivyo mezani, badala ya mtoto wa benchi, nisingemdai hata Foshan kwa wiki mbili tatu. Ningetosheka, mjinga mimi.

Ahadi ni ahadi, na nilishindwa kihalali. Kila akienda kiwandani, siku moja kabla huwa namwandalia mkoba: vipande vya vitambaa nimevibandika namba, kipi kivutwe, kipi kifuliwe kwanza, laoban aulizwe nini. Jumapili hiyo sikuandaa. Aliponiuliza mkoba uko wapi, nilimwambia uko mlangoni, na ulikuwa mlangoni kweli, mtupu.

"Umeshinda, kaka," nilimwambia. "Mzigo wa Idi ni wako. Nenda ukauchague."

Alidhani nimenuna, itaisha. Jumatatu asubuhi akaondoka.

Saa sita mchana simu ililia, ya video. Gharib alikuwa amesimama katikati ya kiwanda na vitambaa viwili mkononi, vyote waridi, shati limemganda mgongoni. Laoban alikuwa nyuma yake anatabasamu kama mtu aliyekwisha kuuza. Kaka akavisogeza kwenye kamera. Akaniuliza, kwa sauti ya chini ambayo si yake, kipi.

Nilikiona kibovu papo hapo. Cha kushoto kilikuwa kinang'aa mno. Kikifuliwa mara mbili kingekuwa tambara, na akina mama wa Unguja wangekirudisha dukani kwa mama yangu kabla Idi mosi haijaisha. Neno lilikuwa limenifika mdomoni. Miaka minne mdomo wangu umezoea kulitoa.

"Nani ananunua, kaka?" nilimuuliza.

"Tunanunua sisi. Swalha, bwana huyu ananisubiri."

"Nani ananunua?"

Alivitazama vitambaa vyake. Akavibadilisha mkono, cha kulia kushoto, cha kushoto kulia, na nikajua kwamba sasa hata yeye hakumbuki alianza na kipi. Mashine za kushonea zilikuwa zinanguruma nyuma yake. Nilimwonea huruma, kwa kweli nilimwonea, ni kaka yangu. Lakini swali langu sikuliondoa.

"Wewe," alisema mwishowe.

"Basi virudishe mezani vyote viwili, usiguse kingine, utoke humo. Kesho nakuja mwenyewe."

Nilidhani atapandisha sauti. Aligeuka tu, simu ikiwa bado mkononi na mimi nikiangalia dari ya kiwanda, nikamsikia akimwambia laoban, kwa kile Kichina chake cha kuvunjavunja, kwamba leo hanunui, mwenye mzigo atakuja kesho.